Fainali Aliyoipa Mgongo Mama Justina

Enesi Nachalwe hapendi mpira. Aliwaambia hivyo watazamaji wake tangu siku ya kwanza, na akawa anarudia kila msimu ulipoanza ili baadaye pasiwe na lawama. Anauza viatu vya mtumba pale Sogea, Tunduma, na Jumapili anasoma matangazo kanisani. Mtaani tunamwita Mama Justina, kwa jina la binti yake mkubwa aliyeolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ambaye naye hapendi mpira. Mimi nauza mikanda na mabegi kwenye meza inayopakana na yake, kwa hiyo haya ninayoyasema mengi niliyaona, na machache aliniambia mwenyewe kati ya mteja na mteja.

Kazi ya kusoma matangazo aliipata kwa sababu ya sauti. Sauti yake haipandi wala haishuki. Tangazo la ndoa na tangazo la msiba anayasoma kwa namna moja, na wazee wa kanisa waliona kwamba hiyo ni heshima kwa pande zote mbili. Jambo jingine ni kwamba anasoma kilichoandikwa. Hapunguzi. Kuna Jumapili moja karatasi ya matangazo ilikuwa na maneno chini kabisa, mchungaji akimweleza katibu kwamba vijana wa kwaya wanaimba vibaya ila wasiambiwe kabla ya Pasaka. Mama Justina aliyasoma yote mpaka "wasiambiwe kabla ya Pasaka", akakunja karatasi, akarudi kukaa. Mwaka ule kwaya ilifanya mazoezi kweli kweli.

Habari za mpira zililetwa na mdogo wake, Venance. Huyu alikuwa dereva wa malori, njia ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi, halafu akapata mkataba wa kuendesha malori Polandi. Huko alikuta barabara nzuri, baridi kali, na watu wasio na neno la kumwambia. Ikawa kila Jumamosi anampigia dada yake kuuliza Maporomoko wamefanya nini. Maporomoko ni timu ya kata waliyozaliwa.

"Nitajuaje?" Mama Justina akamjibu. "Mimi niko kwenye viatu."

"Dada, uwanja uko hapo nyuma tu. Nenda na simu. Uielekeze kwenye mpira, basi. Mimi nitaona mwenyewe."

"Muda wote?"

"Dakika tisini."

"Watu wazima wanakaa dakika tisini?"

Alikwenda. Venance ni kitinda mimba, na mama yao alipofariki yeye alikuwa Polandi, hakuweza kuja kuzika. Jambo hilo hawakuwahi kulizungumza. Mama Justina alichukua kiti cha plastiki na mwavuli wa mezani kwake, akafunga simu kwenye mti wa mwavuli kwa kipande cha mpira wa kufungia mizigo, akakaa usawa wa katikati ya uwanja. Venance alikuwa amemfungulia ukurasa ili na wenzake wachache wa kule waone. Akamwambia pia aseme chochote, maana kutazama kimyakimya kunatia huzuni.

Basi akasema alichokiona.

"Mpira umetoka. Umeingia kwenye sufuria ya muuza mihogo. Mwenye mihogo amekataa kuutoa. Mwamuzi amekwenda kuongea naye. Wanaongea. Mwamuzi amenunua muhogo."

Baada ya hapo: "Mchezaji wa jezi nyekundu ameanguka. Anashika goti. Sasa anashika goti la pili. Ameinuka, anakimbia."

Na goli lilipoingia: "Goli limeingia. Waliofunga wamefurahi. Kipa amekaa chini. Mungu amtie nguvu."

Venance alicheka peke yake ndani ya lori lake, kwenye maegesho, mpaka Mpolandi wa lori la jirani akaja kugonga kioo kuuliza kama ni mzima.

Wenzake waliwaambia wenzao. Msimu ule haujaisha, walikuwa wanatazama watu wa Lusaka, wa Afrika Kusini, wa Omani, na dada mmoja muuguzi aliyeko Uskoti aitwaye Recho. Walijichanga wakawa wanamtumia bando. Naye Mama Justina, kwa mazoea ya kanisani, kila komenti iliyotokea kwenye kioo aliisoma kwa sauti, na jina la mwandishi, na makosa yake.

Ila jambo moja lilimshangaza, akanieleza siku moja akipanga raba. Watu wale hawakuwa wanaangalia mpira.

"Wanasema geuza kidogo. Wanasema huyo aliyesimama na baiskeli si fulani? Wanasema lile duka la bati la bluu limejengwa lini. Jana Recho ameniambia nimwonyeshe mama yake. Nimemwonyesha. Mpira ukaingia golini, hakuna aliyeuliza."

"Sasa unafanyaje?"

"Nageuza."

Akawa anageuza. Mechi nzima ilikwenda akionyesha mpira kidogo, halafu uzio, halafu akina mama waliokaa kwenye nyasi, halafu mpira. Alikuwa anajua nani ni mtoto wa nani, nani amehamia Vwawa, nani amejifungua. Aliyekufa alimtaja pia, kwa sauti ileile, halafu akaendelea na kona.

Kati ya watazamaji wale alikuwepo mmoja aliyejiandika Ngusa wa Bondeni. Huyu hakuwahi kuomba ageuziwe simu. Mechi ikianza anaandika, "Nipo." Mechi ikiisha anaandika, "Asante dada." Mama Justina alisoma, "Ngusa wa Bondeni anasema yupo," akaendelea na kazi. Hakuna aliyejua yuko wapi, na kwa vile hakusumbua hakuna aliyeuliza.

Mwaka huu Maporomoko waliingia fainali ya Kombe la Mavuno. Wapinzani wao walikuwa Bonde, timu ya kutoka Kamsamba, kule tambarare kwenye mpunga na joto. Bonde hawakuwahi kufika fainali ya kitu chochote. Siku moja kabla ya mechi, mwenyekiti wa kamati ya kombe, Mzee Ferdinand Siame, alikuja mezani kwa Mama Justina akiwa ameongozana na kijana mmoja aliyevaa kitambulisho shingoni. Kijana alitoka kwenye kampuni changa ya Mbeya, nayo kampuni ilikuwa imenunua haki za kuonyesha fainali mtandaoni. Watazamaji wangelipia.

"Mama Justina, kesho usionyeshe mechi," mwenyekiti akasema.

"Sawa."

Mwenyekiti alikuwa amejiandaa kwa mabishano, kwa hiyo aliendelea. "Hizi ni haki za matangazo. Kamati imeshatia saini."

"Nimesema sawa, mwenyekiti."

"Ukionyesha, tutalazimika kukutoa uwanjani mbele za watu. Sipendi tufike huko."

"Kilichokatazwa ni nini hasa?"

"Uwanja. Mpira. Wachezaji. Mwamuzi. Magoli."

"Na watu?"

"Watu gani?"

"Wanaotazama."

Mwenyekiti akamgeukia kijana. Kijana akafikiri, akasema mkataba haukusema lolote kuhusu wanaotazama.

"Nani atataka kuwaona hao?" mwenyekiti akauliza.

Mama Justina aligeukia meza. Alikuwa na mteja wa viatu vya shule.

Kesho yake upepo wa Julai ulikuwa unapuliza vumbi tangu asubuhi. Tunduma mwezi huo ukitoka nje bila koti unajuta. Kampuni ilifika na kamera tatu, mtangazaji mwenye sauti nene, na droni iliyozunguka juu ikilia kama nyuki. Mama Justina alifika na kiti chake. Nilimbebea mwavuli. Alikaa palepale pa siku zote, usawa wa katikati, isipokuwa alikigeuza kiti. Mgongo aliupa uwanja, uso akawapa watu. Watu wa mstari wa mbele walimwangalia, naye akawaangalia.

"Habari za mchana," akawaambia watazamaji wake. "Hii ni fainali ya Kombe la Mavuno, Maporomoko na Bonde. Kwa makubaliano ya kamati siruhusiwi kuonyesha mpira. Nitaonyesha watu. Mpira uko nyuma yangu, na mimi siuoni. Anayetaka mpira ahamie kwenye kampuni. Venance anasema yupo. Recho wa Uskoti anasema amelipia kampuni, lakini kwenye droni mama yake anaonekana kama punje ya maharage, kwa hiyo amerudi. Ngusa wa Bondeni anasema yupo."

Na mechi ikaanza, nadhani, maana filimbi ilisikika.

Sijawahi kusikia mpira ukitangazwa vile. "Upande huu wameinuka. Wanaendelea kuinuka. Wamekaa. Wameshika vichwa. Ilikuwa karibu. Huyu baba amemtupia mwenzake kofia, lakini kofia ni ya mtu mwingine. Sasa wanaangalia kulia. Sasa wanaangalia juu. Mpira umepigwa juu sana, au ni droni." Watu walipogundua kwamba wao ndio wanaoonyeshwa, wengine walianza kupunga mikono kwa ndugu zao. Mama yake Recho alivua kitambaa cha kichwani, akakifunga upya vizuri, akakaa wima kama anapigwa picha ya pasipoti.

Kipindi cha pili Mama Justina alihamisha kiti mpaka upande wa wageni. Watu wa Kamsamba walikuwa wamepanda kwa fuso, wamejaa nyuma pamoja na magunia ya mpunga, na baridi ilikuwa imewakamata vibaya. Walikuwa wamejibana kama kuku wa sokoni. Mstari wa mbele alikaa mzee mmoja Msukuma, mrefu, amevaa koti la kijivu na juu ya koti kitenge cha kike alichonunua asubuhi ile ile kwa kuwa kilikuwa karibu. Mzee alikuwa haangalii mpira. Alikuwa anaangalia fuso.

Baadaye tulijua kwamba alikuja kuuza mpunga tu. Dereva alimwambia hawaondoki mpaka mechi iishe, akamkalisha pale, na yeye dereva akapotelea kwenye ushabiki.

Simu ya Mama Justina ilipita usoni mwa mzee ikaendelea. Komenti ikaingia.

"Ngusa wa Bondeni anasema, dada rudi kidogo," Mama Justina akasoma. Mara ya kwanza Ngusa kuomba kitu. Akarudi. "Ngusa wa Bondeni anasema, huyo mzee wa koti la kijivu. Anasema, msogelee."

Akainua kiti, akasogea.

"Ngusa wa Bondeni anasema, usimwambie ni mimi."

Aliisoma kama alivyosoma nyingine zote, taratibu, kwa ukamilifu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na mwavuli. Baada ya neno la mwisho alikuwa kama mtu aliyekanyaga kitu na bado hajaangalia ni nini.

Mzee aliacha kuangalia fuso.

"Nani amesema?"

"Ngusa wa Bondeni," akasema Mama Justina. Neno lilikuwa limeshatoka.

"Ngusa wa nani?"

Mama Justina aliangalia kioo. "Haandiki."

"Yuko wapi huyo?"

"Haandiki, baba."

Mzee alivuta kitenge mabegani. Alikuwa ametulia kabisa, ila mkono mmoja ulikuwa umeshika nyasi.

"Muulize mama yake anaitwa nani."

Ilichukua muda. Watu wa pembeni walikuwa wameshaanza kutusikiliza. Kisha Mama Justina akasoma, "Anasema Shani."

Wakati huohuo nyuma yetu ulitokea mshindo wa miguu, na Kamsamba nzima ikaruka. Sijui niseme vipi. Walirukiana migongoni, wakaruka juu ya magunia, mtu akamwagia watu maji, vumbi likapanda mpaka hatuonani. Katikati ya hayo yote mzee alikaa vilevile, mkono kwenye nyasi, anaiangalia simu.

"Nyuma yangu kumetokea jambo," Mama Justina akasema. "Watu wamefurahi. Nadhani ni goli la Bonde. Mzee hajasimama."

Vumbi lilipotua, mzee alisema, "Huyo ni mwanangu. Mimi naitwa Ngassa. Huyo mtoto amekufa."

Mama Justina aliishusha simu kidogo.

"Aliacha ng'ombe akaenda kucheza mpira," mzee akaendelea, na sasa alikuwa anasema na Mama Justina, si na simu. "Alikuwa bado kijana, ndevu ndiyo zinaota. Nilimkataza mpira. Alinisubiri nikaenda mnadani, akaacha ng'ombe peke yao. Wakaingia kwenye mpunga wa watu, wakala wote mpaka mtoni. Jioni ng'ombe walirudi, yeye hakurudi. Tukamtafuta. Tukakuta shati lake ukingoni. Kule kwetu mto una mamba. Tulikaa matanga, mama. Watu walikuja, wakala, wakaondoka."

Mama Justina aliinamia simu. "Mzee anasema walishakaa matanga yako," akasema.

Komenti zikaanza kuingia kwa wingi, naye akazisoma kadiri zilivyokuja. "Recho wa Uskoti analia. Venance anasema kila mtu anyamaze, Ngusa apate nafasi. Mtu wa Omani anasema yeye hajasema kitu. Venance anasema basi aendelee kutosema." Kisha akasema, "Ngusa haandiki."

Mtangazaji wa kampuni alikuwa anapiga kelele kwenye spika kwamba zimebaki dakika chache na Maporomoko wanakuja kwa kasi. Upande wetu hakuna aliyegeuka.

"Ngusa anasema, shati nililivua nikaogelea kuvuka, nikaogopa kurudi kulichukua," Mama Justina akasoma. "Anasema, nilifika Nakonde, nikapanda malori mpaka Afrika Kusini. Anasema, nilipokutana na mtu wa kwetu akaniambia mmeshamaliza matanga. Nikaona sasa nitarudije. Anasema, samahani baba."

Mzee Ngassa aliwatazama watu waliokuwa wanasikiliza.

"Mwambie hayo asiyaseme kwenye mpira."

"Mzee anasema hayo usiyaseme kwenye mpira."

"Muulize anafanya kazi gani huko."

Jibu lilikuja haraka. "Anasema anakamua ng'ombe."

"Anakamua nini?"

"Ng'ombe, baba. Shamba la maziwa. Anasema wanakamuliwa kwa mashine, yeye ndiye msimamizi wa zizi."

"Alikimbia ng'ombe," mzee akasema polepole, "akaenda mpaka Afrika Kusini kutafuta ng'ombe."

Watu wa nyuma yake walicheka. Yeye hakucheka. Lakini aliziachia zile nyasi, akajifuta mkono kwenye kitenge.

"Wana pembe?"

"Anasema hawana. Wanaondolewa wakiwa ndama."

"Sasa ng'ombe asiye na pembe unamshika wapi?"

"Anasema hashikwi. Anaingia mwenyewe kwenye mashine."

Mzee alitikisa kichwa. Nilipomwangalia vizuri nikaona machozi yanamtoka, yanafuata mikunjo ya uso mpaka kwenye kola ya koti, na yeye anaendelea kuuliza. Maziwa wanayapeleka wapi. Wanalala ndani au nje. Dume lina tabia gani. Mama Justina alipeleka maswali na kurudisha majibu, sauti yake haipandi wala haishuki, na nadhani ilikuwa bahati kwamba ni yeye. Mtu mwingine yeyote angelia, na mzee angeinuka akaondoka.

Filimbi ya mwisho ikapulizwa. Watu wakavamia uwanja. Dereva wa fuso akarudi, hana sauti, akaanza kupiga honi.

"Mimi leo siendi," mzee akamwambia.

"Mzee Ngassa, tumeshinda, tunaondoka!"

"Mmeshinda nini?"

Alilala kwa shemeji yake Mama Justina, na asubuhi akaja mezani kwetu kabla hatujamaliza kupanga viatu. Mama Justina alimkalisha kwenye benchi la wateja, akampigia Ngusa simu ya video, akamkabidhi mzee simu mkononi. Mzee aliishika kwa mikono miwili kama sahani ya supu ya moto. Aliutazama ule uso. Sisi tulimwona Ngusa kidogo tu: mtu mzima, kipara kinaanza, amevaa ovaroli, nyuma yake ng'ombe weupe kwa weusi wamesimama kwenye mstari. Mzee alisema neno moja, Ngusa akafunika uso kwa mkono. Baada ya hapo waliongea Kisukuma, na Mama Justina, ambaye hajui Kisukuma, alianza kuvifunga kamba viatu ambavyo tayari vilikuwa vimefungwa.

Mama Justina naye, jioni ya siku ya fainali, alikuwa amepata simu ya Venance.

"Dada, nani ameshinda?"

"Ngoja nimuulize jirani," akasema. Akaniuliza. Nikamwambia Bonde, moja bila. "Bonde. Moja bila."

Venance ni mtu ambaye Maporomoko wakifungwa hali chakula. Safari hii hakuuliza hata mfungaji, akasema, "Dada, siku mama anazikwa nilikuwa Polandi nashusha vigae."

"Najua."

"Hakuna aliyenionyesha."

"Hukuniambia nikuonyeshe," Mama Justina akasema. Kisha akasema, "Ningekuonyesha."

Wakaongea mambo yale kwa mara ya kwanza tangu msiba. Sitayasimulia. Alinieleza kwa ufupi na ni ya kwao.

Jumatatu mwenyekiti alikuja na uso wa mkutano.

"Mama Justina, umetuharibia."

"Nilionyesha mpira?"

"Hukuonyesha. Lakini droni ya kampuni kila ikipita inaonyesha mwanamke amekaa katikati ya fainali ameipa mechi mgongo. Watu waliolipia wanaandika kuuliza yule mama ana nini. Mtangazaji akawa hana jibu."

"Angewaambia nimekatazwa."

Mwenyekiti alikaa kwenye benchi. Alijaribu kiatu kimoja, hakikumtosha, akakirudisha. Akasema kamati itakaa itazame jambo hili. Kamati haijakaa mpaka leo, na ligi ndogo ilipoanza Septemba Mama Justina alirudi na kiti chake, akauliza kama kuna katazo lolote, akaambiwa hakuna, akakaa kiti kikiwa upande upande, nusu mpira, nusu watu.

Kazi kubwa ilikuwa ya Mzee Ngassa, kumweleza mkewe. Alituambia baadaye kwamba alifika nyumbani mchana, akamkuta Shani anapeta mchele, akamwambia, "Ngusa hakufa. Anakamua ng'ombe." Shani akaendelea kupeta. Alidhani mzee amepatwa na homa ya baridi ya Tunduma. Ilibidi ampandishe kilimani, mahali simu inaposhika, na hata alipoisikia sauti ya mwanawe hakukubali mpaka alipomwambia aimbe wimbo alioimbiwa akiwa mdogo anaumwa. Ngusa aliimba, kwenye zizi, wafanyakazi wenzake wanamwangalia.

Desemba akaja. Alivuka kwa miguu pale Nakonde na begi moja, akapita mezani kwetu. Alisimama mbele ya Mama Justina, akatua begi.

"Wewe ndiye Ngusa wa Bondeni," Mama Justina akasema.

"Ndiyo, dada."

"Nilikusomea ujumbe uliosema nisiuseme."

"Ndiyo, dada."

"Sikukusudia."

"Najua, dada. Ungefikiri kwanza usingeusema."

Akanunua viatu vya mama yake, vya baba yake, na vingine ambavyo hakusema ni vya nani. Akatualika Kamsamba, maana mzee alisema matanga yaliyokaliwa lazima yafutwe, na watu walewale waliokuja kula kwa huzuni waje wale tena.

Tulikwenda. Barabara inashuka na joto linapanda. Tulipofika nilikuwa nimeshavua kila kinachovulika. Walichinja dume. Watu walikuwa wengi, wengine wenye mashamba yale ya mpunga yaliyoliwa, na mmoja wao alimshika Ngusa mkono akakataa kuuachia kwa muda mrefu. Mzee Ngassa alitembea kati ya wageni akiwa na viatu vipya vinavyombana, akiwaeleza wote kuhusu ng'ombe wasio na pembe. Wachache walimwamini.

Venance, Recho na wengine wote walikuwa wameshamwagiza Mama Justina aende laivu. Alitoa simu, akaizungusha huku na huku, akasimama juu ya kinu, akashuka. Mtandao hamna. Kilima kilikuwa mbali na chakula kilikuwa kimepakuliwa.

Akaizima simu, akaitia kwenye mkoba. Akala wali na nyama, akanywa maziwa, akaongezewa, akala tena. Shani alimtandikia mkeka kivulini, ukutani mwa nyumba, wakaongea habari za watoto na bei za vitenge mpaka Mama Justina akasinzia katikati ya neno lake mwenyewe. Wageni walipiga kelele, ngoma ikaanza, yeye hakuamka. Jua lilipogeuka likamfikia miguuni, Shani aliinuka, akavuta mkeka kwa taratibu na yeye akiwa juu yake, mpaka kivulini tena.